Sauti Ipo, Picha Hakuna: Usirundike Kodeki Juu ya Kodeki

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Morogoro. Mwezi uliopita tulimwoza binti yetu wa mwisho, na mpiga video ametuletea mkanda wa harusi kwenye flashi. Kwenye simu ya mkwe wangu unaonekana vizuri kabisa. Kwenye kompyuta ya nyumbani, Dell ya mezani niliyoinunua ikiwa imetumika, yenye Windows 10, nasikia vigelegele na MC akiongea, lakini kioo ni cheusi. Kisha ukatokea ujumbe kwamba kompyuta inahitaji kodeki na nilipie senti 99 za Dola. Sina kadi ya kulipia mambo hayo.

Mpwa wangu akasema hilo ni jambo dogo. Akapakua vifurushi vya kodeki, kimoja baada ya kingine, nadhani vitatu au vinne. Tangu siku hiyo mambo yamekuwa mabaya zaidi. Nikifungua folda yenye video, dirisha linajifunga lenyewe. Video za kwaya nilizokuwa nikizitazama siku zote sasa zina picha bila sauti. Nikiingia mtandaoni, zinafunguka kurasa za matangazo ambazo sikuziomba. Nimemwita fundi, naye anasema dawa ni kupiga Windows upya. Humo ndani nina picha za miaka mingi na hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Niongeze kodeki gani ili picha ionekane? Hizi zilizokwisha kuwekwa nizitoeje? Na je, ni lazima kupiga Windows upya? Dada yangu anakuja kutoka Songea. Alishindwa kufika harusini kwa sababu ya ugonjwa, na ningependa autazame mkanda huu kwenye runinga ya sebuleni.

Mwalimu mstaafu, Morogoro

Mwalimu, shikamoo. Hongera kwa kumwoza binti, na pole kwa dada aliyeikosa sherehe.

Nianze na swali lako la tatu, maana ndilo lenye madhara makubwa likijibiwa ovyo. Usikubali Windows ipigwe upya kwa sasa. Kila dalili uliyoitaja ina tiba nyepesi kuliko hiyo, na fundi mwenye haraka anaweza kufuta picha zako zote pamoja na hesabu za kikundi kwa dakika chache. Swali la kwanza nalo lina jibu fupi: usiongeze kodeki yoyote. Kompyuta yako iliharibika kwa kuongezewa, na itapona kwa kupunguziwa.

Umefundisha watu maisha yako yote, kwa hiyo sidhani utaridhika na maagizo yasiyo na sababu. Video isiyobanwa ni mzigo mkubwa mno. Chukua picha yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, zipite picha 25 kila sekunde. Hata ukihesabu baiti moja na nusu tu kwa kila nukta, unapata karibu MB 78 kwa sekunde. Saa moja ya harusi ingekula GB 280. Mkanda wako umeingia kwenye flashi kwa sababu kamera, na baadaye kompyuta ya mpiga video, iliubana kwa kanuni maalumu. Anayetaka kuutazama lazima awe na programu inayozijua kanuni hizo ili aukunjue tena. Programu hiyo ndiyo kodeki.

Herufi zinazofuata jina la faili, yaani MP4, MKV au AVI, ni bahasha tu. Ndani ya bahasha kuna barua mbili, ya picha na ya sauti, na kila moja imeandikwa kwa lugha yake. Kompyuta yako iliielewa barua ya sauti, ndiyo maana ukamsikia MC. Ile ya picha ikaishinda. Kwa jinsi ulivyoueleza ule ujumbe wa senti 99, nina karibu hakika picha imebanwa kwa H.265, ambayo wengine huiita HEVC. Kanuni hizo zilipitishwa mwaka 2013, na lengo lake lilikuwa kupunguza ukubwa wa faili kwa karibu nusu ukilinganisha na H.264 ya mwaka 2003, ubora ukibaki uleule. Simu za iPhone zimekuwa zikirekodi hivyo tangu mwaka 2017, na kamera nyingi za siku hizi pamoja na droni hufanya hivyohivyo. Lakini hataza zake zinamilikiwa na kampuni nyingi zilizokuwa zikidai malipo kupitia vikundi zaidi ya kimoja, na Microsoft ikaamua kuiuza kodeki hiyo peke yake dukani kwake. Kwa hiyo ujumbe ule haukuwa utapeli. Simu ya mkwe wako iliufungua mkanda bila kudai chochote kwa sababu inakuja na kikunjuzi hicho tangu kiwandani.

Sasa, vifurushi vya mpwa. Usimkaripie, alifanya kilichokuwa sahihi zamani. Enzi za Windows XP, kompyuta ilikuja bila uwezo wa kufungua hata DVD za kawaida wala filamu za DivX na Xvid zilizokuwa zikizunguka, na kifurushi cha kodeki kilikuwa msaada wa kweli. Windows 7 ya mwaka 2009 ilipokuja na H.264 ndani yake, haja hiyo ilipungua sana. Mazoea yakabaki. Vipo vifurushi vya heshima hadi leo. K-Lite ni kimojawapo, kinatunzwa vizuri na wenyewe. Kifurushi kimoja, kutoka kwa mwenye nacho, kwa sababu inayoeleweka, sikikatai. Viwili ndani ya kompyuta moja ni kutafuta ugomvi.

Ugomvi wenyewe unatokea hivi. Ndani ya Windows kuna mfumo wa miaka mingi uitwao DirectShow. Programu ya kutazamia video inapofungua faili, huuomba mfumo huo uipatie wa kukunjua picha na wa kukunjua sauti. Kila kodeki iliyosakinishwa imejiandikisha kwenye rejista ya Windows pamoja na namba ya kipaumbele, na mwenye namba kubwa ndiye anayepewa kazi. Vifurushi vingi hujiandikia namba kubwa ili visipitwe. Ukiviweka vitatu au vinne, kazi ya sauti inaweza kuchukuliwa na kimoja, ya picha na kingine, hata kwa faili ambazo Windows ilikuwa ikizifungua yenyewe bila shida. Video zako za kwaya zimepoteza sauti kwa mtindo huo. Sababu moja ya kawaida ni kwamba mshika kazi mpya amewekwa kupeleka sauti kwenye tundu la kidijitali la redio kubwa, ambalo kwako halina kitu kilichochomekwa, badala ya kuipeleka kwenye spika zako.

Folda inayojifunga nayo ina maelezo yake. Windows hutengeneza vijipicha vya video ili uzione kabla ya kuzifungua, na kufanya hivyo huiita kodeki. Kodeki mbovu ikianguka, inaanguka na dirisha zima. Faili zako hazina ubaya wowote.

Kurasa za matangazo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ujanja wa kodeki ya uongo una historia ndefu. Mwaka 2006 kilivuma kirusi kilichoitwa Zlob. Mtu alikuta video mtandaoni, akibofya anaambiwa kwamba anakosa kodeki na aisakinishe hapohapo. Akikubali, kirusi kimeingia kwa ruhusa yake mwenyewe. Kutoka ukoo huohuo kikatokea DNSChanger, kilichogeuza anwani za mtandao ili mtu apelekwe kwenye kurasa za matapeli. Novemba 2011, FBI ya Marekani ilipotangaza kukamatwa kwa kundi la Estonia lililoendesha biashara hiyo, kompyuta zilizoathirika zilikuwa karibu milioni 4, katika nchi zaidi ya 100. Sisemi wewe una kirusi hicho. Nasema mlango alioupita mpwa wako ndio uleule, na ukurasa wowote wa intaneti unaokutaka usakinishe kodeki ili uone video ufungwe palepale. YouTube na tovuti za kweli za televisheni hazikuombi kitu hicho.

Basi tufanye kazi. Zima intaneti kwanza. Kisha uizuie folda isijifunge: fungua folda yoyote isiyo na video, nenda "View", halafu "Options", na katika ukurasa wa pili wa "View" weka alama ya vema kwenye "Always show icons, never thumbnails". Sasa Windows haitaita kodeki kila unapofungua folda. Nakili picha na hesabu zako kwenye diski ya nje. Nakili picha na hesabu tu, usichukue programu yoyote wala kile mpwa alichopakua. Nakili na mkanda wa harusi, uwe mahali pawili.

Baada ya hapo jaribu njia ya mkato. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika rstrui, halafu Enter. Kama kompyuta yako iliweka kumbukumbu ya hali yake kabla ya siku ile ya kodeki, utaiona na tarehe yake, na unaweza kuirudisha huko. Programu zilizosakinishwa baada ya tarehe hiyo zitaondoka. Picha na hesabu hazitaguswa. Kwenye Windows 10 huduma hii mara nyingi huwa imezimwa, kwa hiyo usikate tamaa ukikuta patupu.

Ukikuta patupu, tunatoa kwa mkono. Bonyeza tena Windows na R, andika appwiz.cpl. Litafunguka orodha ya programu zote. Bofya juu ya safu iliyoandikwa "Installed On" ili zipangike kwa tarehe. Zile za siku ya mpwa zitakaa pamoja: tafuta majina kama K-Lite, ffdshow, LAV Filters, DivX, Xvid, na chochote chenye neno kodeki kwa Kiingereza. Anza na ya mwisho kuwekwa, urudi nyuma hadi ya kwanza. Utaratibu huo una maana yake, kwa sababu kila kifurushi kilipoingia kiliandika mipangilio yake juu ya ya mwenzake. Ukitoa cha kwanza kabla ya cha mwisho, unaweza kuacha mabaki yanayoelekeza kwenye faili ambazo hazipo tena. Baada ya kila kimoja, zima kompyuta uiwashe upya. Soma kila dirisha linalotokea: programu zisizo na nia njema hukuwekea kitufe kikubwa cha kubaki na kidogo cha kuondoka.

Usiguse chochote chenye majina Realtek, Intel, NVIDIA au AMD. Hivyo ndivyo vinavyoendesha sauti na kioo cha kompyuta yenyewe. Microsoft Visual C++ nayo iache ilivyo, hata ukiikuta imejirudia mara nyingi kwenye orodha. Programu zako nyingine zinaitegemea. Na mtu akikushauri uingie kwenye folda ya System32 ufute faili za kodeki moja moja, mkatalie. Faili ikifutwa, usajili wake kwenye rejista hubaki, na Windows itaendelea kuiita isiyokuwepo.

Kama baada ya kuondoa vyote bado video za kwaya hazina sauti, kuna programu ndogo ya bure kutoka kwa watengenezaji wa K-Lite, inaitwa Codec Tweak Tool. Huipekua rejista, ikakuonyesha usajili uliovunjika na kukuuliza kama iufute. Ukirudisha intaneti, ichukue kwenye tovuti ya wenyewe, codecguide.com, si pengine popote.

Kirusi kisakwe na kilinzi kilichomo ndani ya Windows yenyewe. Rudisha intaneti kwa muda kipate taarifa mpya za virusi, kisha ingia "Windows Security", sehemu ya virusi, ufungue "Scan options" na uchague "Microsoft Defender Offline scan". Kompyuta itajizima, ijikague kabla Windows haijaamka, ambapo kirusi hakina pa kujificha kirahisi. Inachukua kama robo saa. Halafu fungua kivinjari chako, uondoe viongezi vyote usivyovijua na ruhusa za arifa ulizozitoa kwa tovuti usizozifahamu. Matangazo mengi yanayojifungua yenyewe hutokea hapo.

Sasa tufike kwenye picha. Weka VLC. Huu ni mradi ulioanzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996, na tangu 2001 umekuwa huru na wa bure kwa kila mtu. Unapatikana videolan.org, usiuchukue kwenye tovuti nyingine hata kama imetangulia kwenye matokeo ya utafutaji. Ninaipenda VLC kwa sababu moja kubwa inayogusa tatizo lako: inabeba kodeki zake zote ndani yake, H.265 ikiwemo, bila kujiandikisha kwenye DirectShow. Haigombani na mtu, na siku ukiitoa, inaondoka yote. Bofya mkanda wa harusi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kuufungua kwa VLC. Ukicheza, bonyeza Ctrl na J uone picha imebanwa kwa kanuni gani na ina nukta ngapi. Hapo utathibitisha kama ni H.265 kweli.

Picha ikitokea lakini ikawa inakwamakwama, hilo ni tatizo la aina nyingine na hakuna kodeki itakayolitatua. Kukunjua H.265 kunahitaji hesabu nyingi sana, na kompyuta zilizotengenezwa kabla ya kanuni hizo kuenea hufanya hesabu hiyo kwa nguvu ya prosesa tu. Intel ilianza kuweka sakiti maalumu ya H.265 kwenye kizazi cha 6, mwaka 2015, na kizazi cha 7 kikakamilisha ile ya biti 10. Dell ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imetumika inaweza kuwa ya kabla ya hapo. Angalia jina la prosesa yako: i5-3470 ni kizazi cha 3, i5-6500 ni cha 6. Ikiwa ni ya kizazi cha 3 au cha 4 na mkanda una nukta 1920 kwa 1080, huenda ukapita salama. Ukiwa wa 4K, yaani 3840 kwa 2160, utakwama.

Na ikitokea mabaka ya kijani au vipande vya rangi, ingia mipangilio ya VLC, sehemu ya "Input / Codecs", uzime matumizi ya sakiti ya kioo kisha ujaribu tena. Mabaka yakibaki, au faili ikikataa kufunguka kabisa, linganisha ukubwa wa faili kwako na ule ulioko kwenye flashi ya mpiga video. Flashi ikichomolewa kabla kunakili hakujaisha, MP4 hukosa faharasa ambayo mara nyingi huandikwa mwishoni, na faili ya namna hiyo haifunguki kwa kodeki yoyote.

Kuhusu runinga ya sebuleni, tumia waya kutoka kwenye kompyuta. Runinga itaonyesha chochote ambacho VLC inakionyesha. Chunguza nyuma ya hiyo Dell. Nyingi za ofisini zina tundu la VGA na la DisplayPort, bila HDMI. VGA haipitishi sauti, kwa hiyo nunua kigeuzi cha DisplayPort kwenda HDMI, kinachobeba picha na sauti pamoja.

Hata hivyo, ningekuwa wewe, ningempigia simu mpiga video leo. Mwombe akutolee nakala ya pili kwa H.264, bahasha ya MP4, nukta 1920 kwa 1080, sauti AAC. Hiyo itafunguka kwenye kompyuta yako hata bila VLC, na kwenye runinga nyingi kwa kuchomeka flashi tu. Unaweza kuigeuza mwenyewe nyumbani, lakini kila video inayobanwa mara ya pili hupoteza ubora, na yeye anaweza kuitoa kutoka kwenye faili za asili. Faili itakuwa kubwa zaidi, basi mwambie aiandae flashi kwa mfumo wa exFAT, kwa sababu ule wa zamani wa FAT32 haupokei faili moja inayozidi GB 4. Muulize pia faili za asili atazihifadhi mpaka lini. Wapiga video hufuta diski zao ili kupata nafasi ya sherehe nyingine, na harusi ya binti yako imeshatimiza mwezi.